Shada la Bibi Harusi: Kipimo Chake ni Anayelishika

Shada la maua ndilo pambo pekee la bibi harusi ambalo halivaliwi bali hubebwa, na kwa sababu hiyo huuhusisha mwili wake wote: mabega, viwiko, viganja na hata namna anavyotembea. Hata hivyo, katika maandalizi ya harusi nyingi za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, shada huamuliwa mwishoni, baada ya ukumbi, keki na sare za wasimamizi, na kwa kawaida huamuliwa kwa kumwonyesha mpambaji picha iliyo kwenye simu na kumtaka aitoe kama ilivyo. Picha hiyo huwa na maua ya nchi yenye baridi, gauni la mtu mwingine na umbo la mtu mwingine, tena mara nyingi imepigwa dakika chache baada ya shada kutolewa majini, ilhali bibi harusi wa Afrika Mashariki atalishika shada lake tangu ibada ya mchana, katika msafara wa magari na bustani za kupigia picha, hadi ukumbini usiku. Shada jema huchaguliwa kwa kumtazama kwanza mtu, kisha gauni, kisha hali ya hewa na ratiba ya siku yenyewe. Aina ya ua, ambayo ndiyo watu huanza nayo, hustahili kuja mwisho.

Wazo la kulilinganisha ua na mwanamke atakayelichukua halikuletwa Afrika Mashariki pamoja na gauni jeupe. Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, wanawake wamekuwa wakivaa kikuba, yaani kishada kidogo cha asmini, rihani na mkadi, pengine pamoja na vilua au waridi, ambacho hufungwa na kubanwa kifuani au kwenye nywele, na asmini hizo hizo hutungwa makoja na kutandazwa kitandani usiku wa harusi. Kikuba hupimwa kwa harufu na kwa saa. Vitumba vya asmini huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, hutungwa kabla ya jua kutua, hufunguka usiku vikiwa tayari mwilini mwa mvaaji, na kufikia asubuhi huwa vimenyauka na kugeuka rangi. Mtungaji wa vikuba, kwa hiyo, hafanyi kazi kwa ajili ya ua lilivyo wakati analishika yeye, bali kwa ajili ya ua litakavyokuwa saa nne au tano baadaye likiwa kwa mwanamke anayemfahamu, na elimu hiyo ya kulijua ua kwa saa zake ndiyo inayokosekana katika mashada mengi ya leo, ambayo hung'aa mlangoni mwa saluni na kuinamisha vichwa kabla ya keki kukatwa.

Shada la kushikwa mkononi, kwa umbo linalojulikana sasa, lilienea kutokana na harusi za Ulaya za karne ya 19. Malkia Victoria wa Uingereza alipofunga ndoa na Mwanamfalme Albert tarehe 10 Februari 1840, alivaa kichwani taji la maua ya mchungwa badala ya taji la vito, na maua hayo yakawa alama ya bibi harusi kwa vizazi kadhaa, hata mafundi wakayaiga kwa nta kwa ajili ya wasioweza kuyapata mabichi. Inafaa kukumbuka hapa kwamba Muheza, mkoani Tanga, kuna mashamba mapana ya michungwa ambayo huchanua na kunukia bila ya bibi harusi yeyote wa jirani kuyafikiria maua yake. Mwaka 1858, binti mkubwa wa Malkia huyo aliolewa akiwa na tawi la mhadasi katika shada lake, na desturi hiyo imeendelea katika ukoo huo: tawi la mhadasi lilikuwamo katika shada la Elizabeth mwaka 1947, la Diana mwaka 1981, la Catherine mwaka 2011 na la Meghan mwaka 2018.

Wawili kati ya mabibi harusi hao, Diana na Catherine, wanatosha kuonyesha kwamba umbo la shada hufuata mtu na vazi lake. Diana Spencer alikuwa mrefu, gauni lake lilikuwa na mikono iliyofura na mkia wa zaidi ya mita 7, na kanisa la St Paul's alimoingia ni jengo kubwa mno. Shada lake, lililochanganya gadenia, okidi, waridi, maua mengine meupe na majani yanayotambaa, lilishuka kwa urefu wa takriban mita moja, na katika mazingira hayo halikuzidi kiasi. Miaka 30 baadaye, Catherine Middleton alivaa gauni la lesi lenye mikono iliyobana, lisilo na mapambo mengi, na akashika shada dogo lenye maua meupe madogo madogo, likiwamo ua la jamii ya kaneshoni ambalo kwa Kiingereza hubeba jina la William, yaani jina la bwana harusi mwenyewe. Shada la Diana mikononi mwa Catherine lingeifunika lesi yote, na shada la Catherine mbele ya gauni la Diana lisingeonekana. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 mashada marefu ya namna ya Diana yalienea kwa wanawake wa kila kimo na kila gauni, na wengi wao waliishia kuonekana kwenye picha kama vichwa vilivyochomoza juu ya kichaka.

Uwiano wa shada na mwili hutegemea vipimo ambavyo mpambaji mzoefu huvichukua kwa macho, navyo ni kimo cha bibi harusi, upana wa nyonga zake na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Shada la mviringo, yaani lile ambalo vichwa vya maua hupangwa kuwa kama nusu ya mpira na vikonyo hufungwa pamoja chini, huwafaa wengi likiwa na kipenyo cha sentimita 20 hadi 25, na mpaka wake ni kwamba likishikwa usawa wa kitovu lisizidi upana wa nyonga. Bibi harusi mfupi huumizwa zaidi na upana kuliko urefu, kwa kuwa duara kubwa humkata katikati, ilhali shada jembamba linaloshuka kwa kuchongoka na kuishia juu ya magoti huyavuta macho ya mtazamaji kwenda chini na kumwongezea kimo. Kwa mwanamke mwenye mwili mkubwa kosa la kawaida ni kinyume chake: kwa nia njema ya kumfanya aonekane mwembamba, hupewa kishada kidogo, na kishada hicho, kwa udogo wake, hukuza kila kilicho pembeni yake. Linalomfaa ni ua lenye kichwa kikubwa, lililopangwa kwa nafasi, katika shada lisilo duara kamili bali lenye matawi yanayotoka nje kwa uhuru.

Uzito nao huamua mengi kuliko inavyodhaniwa. Waridi 25 au 30 zenye vichwa vilivyojaa, pamoja na majani, utepe na maji yaliyomo ndani ya vikonyo, hulemea mkono taratibu, na bibi harusi aliyechoka huliinua shada hadi kifuani ili aliegemeze, akalificha pambo la gauni ambalo fundi alilishona kwa wiki nyingi. Namna sahihi ya kulishika ni kuviegemeza viganja karibu na mifupa ya nyonga, viwiko vikiwa vimelegea na kuachana kidogo na kiuno, na shada likiwa limeinamishwa mbele ili vichwa vya maua vimtazame mpiga picha badala ya kutazama dari. Wapambaji wenye busara humtaka mteja, siku ya mwisho ya kujaribu gauni, ashike pakiti ya sukari ya kilo moja katika mkao huo mbele ya kioo kwa dakika 10, kwa kuwa jaribio hilo dogo humfundisha yeye mwenyewe kama shada analolitaka litamfaa au litamtesa.

Baada ya mwili huja gauni, na hapa rangi nyeupe ndiyo yenye mitego mingi. Nyeupe ya satini, nyeupe ya lesi na ile inayoelekea rangi ya maziwa mazito si rangi moja, na ua jeupe kabisa likiwekwa mbele ya gauni la rangi ya maziwa hulifanya gauni lionekane limechakaa au limefuliwa vibaya, jambo ambalo halionekani dukani chini ya taa za ndani lakini hujitokeza wazi juani. Ni salama zaidi kumpelekea mpambaji kipande cha kitambaa chenyewe, hata kiwe cha upana wa vidole viwili, kuliko kumweleza rangi kwa maneno. Kuhusu ngozi, mwanamke mweusi au mweusi tititi huitendea haki rangi nzito kuliko mtu mwingine yeyote: damu ya mzee, chungwa lililoiva, rangi ya haradali na waridi lenye wekundu wa matumbawe hung'aa juu ya ngozi hiyo, wakati zambarau iliyopauka na waridi lililofifia sana huelekea kuwa kijivu. Vitabu vingi vya mapambo vimeandikwa kwa kuzingatia ngozi nyeupe, na ushauri wao wa kuchagua rangi hafifu hauna sababu ya kufuatwa Kisumu au Mwanza.

Vazi likiwa na nakshi zake lenyewe, shada hutakiwa kunyamaza. Kitenge chenye maua makubwa, au gomesi ya Uganda yenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana unaoning'inia mbele, hupendeza kwa shada la aina moja ya ua na rangi moja, na pengine kwa maua machache yenye vikonyo virefu, kama mayungiyungi ya kala, yanayolazwa juu ya mkono mmoja ili mshipi uonekane. Jambo linalohitaji uangalifu wa pekee ni bibi harusi wa pwani aliyepakwa hina na piko. Michoro hiyo huchukua saa nyingi, huanzia ncha za vidole na kupanda hadi karibu na kiwiko, nayo ndiyo pambo lake la thamani kuliko maua. Lakini shada la kawaida hushikwa kwa viganja vyote viwili, na majani yake mapana huangukia juu ya migongo ya mikono na kuizima kazi yote ya mpakaji. Kwa bibi harusi wa namna hii shada linapaswa kuwa dogo, bila majani ya kushuka, vikonyo viachwe wazi kwa urefu wa kutosha, na mkono wa juu ushike kwa vidole vilivyonyooka. Rangi nayo isiwe zaidi ya moja au mbili, kwa kuwa wekundu wa hina tayari ni rangi ya tatu. Waridi jeupe lililozungukwa na vitumba vya asmini na jani la rihani hutosha, tena hubeba harufu ambayo bibi yake ataitambua.

Ndipo swali la aina ya ua linapokuja, na katika ukanda huu jibu lake hutegemea sana mwinuko wa nchi na joto. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa waridi katika soko la Ulaya, na mashamba yake mengi yako kandokando ya Ziwa Naivasha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, huku mengine yakiwa juu zaidi, kama vile Timau, upande wa Mlima Kenya. Tanzania hulima maua hayo Arusha na Kilimanjaro, na Uganda huyalima karibu na Ziwa Victoria. Kadiri shamba linavyokuwa juu, ndivyo usiku unavyokuwa baridi na waridi linavyokua polepole, likapata kichwa kikubwa na petali nyingi. La mahali pa chini na pa joto hukua haraka na kuwa na kichwa kidogo. Waridi la Timau na la Entebbe, kwa hiyo, si bidhaa moja, na bibi harusi anayehitaji shada dogo la vichwa vingi hana sababu ya kulipia vichwa vikubwa.

Upo ukweli mwingine wa biashara hii ambao ungewaokolea fedha wengi. Waridi hupangwa kwa madaraja kulingana na urefu wa kikonyo, kwa hatua za sentimita 10, kuanzia takriban 40 hadi 70 au zaidi, na bei hupanda pamoja na urefu huo. Lakini katika shada la kushikwa mkononi kikonyo hukatwa hadi kubaki sentimita 20 au 25 tu. Anayenunua waridi za sentimita 70 kwa ajili ya shada hulipia urefu utakaotupwa kwenye pipa la takataka, isipokuwa kama ni kichwa kikubwa ndicho anachokitafuta. Aidha, mahitaji ya waridi nchi za nje hupanda sana kabla ya tarehe 14 Februari, na kamati ya harusi iliyopanga ndoa katika juma hilo inafaa kujiandaa kwa bei isiyo ya kawaida au kuchagua kaneshoni na alstromeria, maua ambayo hudharauliwa bila haki, kwani hustahimili joto kuliko waridi lenyewe.

Waridi linalofika Dar es Salaam kutoka Arusha limesafiri zaidi ya kilomita 600 na kushuka hadi usawa wa bahari, na tangu linapofika hushindana na joto na unyevu ambao halikuzaliwa nao. Likifika linapaswa kukatwa tena ncha ya kikonyo kwa mshazari, kwa kisu kikali, kuondolewa majani yote yatakayozama, na kuachwa katika ndoo ya maji safi kwa saa kadhaa mahali penye kivuli kabla ya mtu kuligusa kwa kazi. Okidi, anthuriamu, kaneshoni na krisanthemamu huvumilia saa nyingi nje ya maji. Haidrenjia husinyaa kabla ya sala ya kwanza kwisha, gadenia hubadilika kuwa kahawia kila palipoguswa na kidole, na bogenvilia, kwa uzuri wake wote ukutani, hulegea mara tu baada ya kukatwa. Yungiyungi lina hatari yake ya pekee: chavua yake ya rangi ya chungwa hudondoka kwenye gauni na kuacha doa ambalo maji hulizidisha, kwa hiyo vichwa vidogo vinavyobeba chavua huchomolewa mapema ua linapoanza kufunguka, na chavua ikishaanguka huondolewa kwa kuibandika utepe wa gundi na kuuinua bila kusugua.

Friji ya nyumbani, ambayo ndiyo kimbilio la familia nyingi usiku wa kuamkia harusi, yaweza kuharibu kazi yote. Ndizi, maembe na matunda mengine yanapoiva hutoa ethilini, yaani gesi inayoharakisha kuiva, na gesi hiyo hiyo hulizeesha ua, kaneshoni likajifunga na petali za maua mengine zikapukutika. Vilevile, waridi hupenda baridi ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi, lakini okidi na anthuriamu, ambayo asili yake ni nchi za joto, hudhurika na kuwa meusi yakikaa muda mrefu chini ya nyuzi 10 hivi. Shada lenye waridi na okidi pamoja, kwa hiyo, halina joto moja litakaloyafaa yote, na ni heri liachwe katika chumba chenye kiyoyozi, vikonyo vikiwa majini, kuliko kufungiwa na mapapai.

Kuhusu maana za maua, ile kamusi ya hisia iliyopata umaarufu Ulaya katika karne ya 19, ambamo kila ua lilipewa ujumbe wake, haina mizizi katika ukanda huu na bibi harusi hapaswi kubanwa nayo. Maana zenye uzito ni zile ambazo nyumba yake inazijua. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, jani la isale, la jamii ya mimea ambayo wataalamu huiita Dracaena, hutolewa katika kuomba msamaha na kupatanisha, nalo hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya familia. Jani hilo ni gumu, hukaa siku nyingi bila kunyauka, na majani ya jamii yake hutumiwa na wapangaji maua wa nchi nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Binti wa Marangu au Machame akilizungushia shada lake jani moja la isale, kwa ridhaa ya wazee, kwa kuwa jani la heshima haliingizwi katika pambo bila wao kujua, atakuwa amebeba jambo ambalo hakuna picha ya mtandaoni ingeweza kumpa.

Maua ya bandia, ambayo yameenea sana katika kumbi za mijini, yana nafasi yake halali kwa bibi harusi mwenye pumu au anayepiga chafya kwa sababu ya chavua, na kwa aliyepanga kusafiri siku mbili kabla ya ndoa. Hata hivyo, yasichanganywe na mabichi katika shada moja, kwa kuwa kila moja humsuta mwenzake mbele ya kamera.

Kazi ya mwisho ya mpambaji ni mpini, yaani sehemu ya vikonyo iliyofungwa utepe. Unene wake uwe ule unaoruhusu kidole gumba na kidole cha kati kukutana, miiba iwe imeondolewa yote, na pini za kushikilia utepe zichomwe kwa kuelekea juu na ndani ili ncha zisimfikie mshikaji. Vikonyo vikaushwe kwa taulo kabla ya kumkabidhi, kwa kuwa tone moja la maji huacha alama kwenye satini. Mtu mmoja, kwa kawaida msimamizi wake, apewe jukumu la shada na lolote lingine asipewe: mwaka 1947 shada la Elizabeth lilipotea siku yenyewe ya harusi, na miaka 34 baadaye Diana alitengenezewa mashada mawili ili jambo hilo lisijirudie. Shada la pili lina faida hata kwa asiye wa kifalme, kwani dogo na jepesi, lililofungwa kwa maua yaliyobaki, ndilo linalofaa kurushwa ukumbini, na lile kubwa likabaki salama. Anayetaka kulihifadhi alining'inize kesho yake vichwa vikiwa chini, gizani, mahali penye hewa inayopita, kwa wiki mbili au tatu. Katika miji ya pwani, ambako unyevu huliotesha ukungu kabla halijakauka, inafaa litawanywe kwanza na kila ua likaushwe peke yake.